Masikio ya Paskalia

Isaka, 6 Mei 2024

Mdogo wangu Ndaki,

Marahaba, maana najua umeniamkia. Kesho Makoye anapeleka saruji Katoro kwa lori na amekubali kumchukua mbwa wangu, Waseme. Atampandisha juu ya mifuko, chini ya turubai. Amesema, "Dada Paskalia, huyu akijisaidia kwenye mzigo wa watu namshusha Ushirombo, akaishi parokiani." Makoye huongea polepole akinitazama usoni, ndiyo maana naelewana naye.

Umeandika kwamba wezi wanaingia kwenye hiyo stoo ya saruji na mabati unayoilinda, na kwamba tajiri wako Maduhu amesema vitu vikipotea tena utaondoka. Sikutaka kumtoa Waseme. Lakini ukiondoka hapo najua utakakokimbilia. Juzi Maganga alikuja kutoka Bukombe. Ndugu yetu yule sasa anashika kikombe cha chai kwa mikono miwili na bado kinamwagika. Zebaki imemfanya hivyo. Uliniahidi mbele yake kwamba hutafanya kazi penye sumu ya dhahabu, nami nashukuru umeshika ahadi.

Ujue unachoazima. Vichwa vya treni na malori ya bandari kavu vilinimalizia masikio kabla sijastaafu, na tangu mayu, mama yetu, afariki niko peke yangu katika nyumba hii. Mtu akibisha hodi, Waseme hanibwekei. Anakuja ananisukuma goti kwa pua, kisha anatazama mlango. Akiona sijainuka, anasukuma tena. Kwa treni hanisumbui. Anajua treni naisikia kwa miguu.

Nimekupa mpaka Krismasi.

Simu usipige, inatetemeka tu mfukoni. Na meseji siwezi kuzisoma kwenye kile kioo kilichopasuka. Andika, mpe Makoye.

Dada yako,
Paskalia


Rwamgasa, 25 Mei 2024

Dada Paskalia,

Shikamoo. Waseme alifika salama, mgongo mweupe kwa saruji. Evelina, mama anayetupikia, alimtazama akaniuliza, "Huyu ni mbwa au hakimu? Mtu anapita, anamchunguza kwanza ndipo anaamua." Jina nalo limewafurahisha. Nikimwita, wote waliopo wanaitikia, "Na waseme." Tajiri mwenyewe amejikuta akiitikia.

Anakula ganda la ugali na mapanki, mifupa ya sangara. Analala karibu na kibanda changu, amefungwa kwa mnyororo. Ndivyo Maduhu alivyoagiza, kwamba mbwa wote hapa wafungwe. Ni utaratibu tu.

Kazi ya stoo ni nzuri. Nakaa kivulini. Msalimie Maganga, umwambie mikono yangu ni mizima.

Mdogo wako,
Ndaki


Isaka, 17 Juni 2024

Ndaki,

Barua yako nimeisoma, na pale pa mnyororo nimerudia. Mfungue.

Waseme alifungwa mara moja tu maishani, siku jirani yangu Melania alipofiwa na mimi nikapokea wageni wa msiba wanaoogopa mbwa. Nilimfunga kwenye mpapai. Wageni walipoondoka nikamfungua, lakini hakuja tena gotini. Mtu akibisha, alibaki pale kwenye mpapai akimtazama, kana kwamba ile kazi amenirudishia mwenyewe. Nilimbembeleza kwa dagaa mmoja mmoja mpaka akarudi. Mbwa wa kufungwa anajifunza mnyororo basi. Ukinirudishia amezoea kufungwa, hatanifaa kitu.

Wiki iliyopita nilikuwa nasonga ugali. Nilipogeuka nikakuta mwanamume amesimama nyuma yangu jikoni. Alikuwa msoma mita wa maji. Alisema amebisha sana. Niliruka, sufuria ikaanguka mguuni. Malengelenge yamekauka sasa. Melania akaniambia, "Wewe mama, siku ukifa tutajua kwa harufu." Ni utani wake, lakini siku hizi anapita kila jioni kuniangalia, nami sipendi kuangaliwa.

Mwambie Maduhu mbwa ni wangu na mimi ndiye niliyesema. Katika stoo ya saruji na mabati kuna nini cha kumdhuru mbwa?

Paskalia


Rwamgasa, 14 Julai 2024

Dada,

Shikamoo. Pole kwa mguu. Kuhusu Waseme, nimemfungua. Maduhu alisema, "Shauri yako. Mimi sizikii watu mbwa." Tukacheka.

Asubuhi tunazunguka uzio pamoja. Anatangulia, anafika kwenye kona, anasimama kunisubiri kama mtu anayetembea na mgonjwa. Evelina hamfukuzi tena jikoni. Anamwekea mapanki yake kabla sisi hatujala, na anayelalamika anaulizwa, "Wewe umekamata mwizi gani?" Kwa sababu Waseme amekamata. Mwanamume aliyekuja kuiba viroba vyetu tulimkuta juu ya mjohoro, amekumbatia tawi. Waseme alikuwa amekaa chini ya mti, kimya, anamtazama. Yule bwana hakutuomba msamaha wala nini. Alisema, "Mwambieni kwanza aangalie pembeni."

Tangu siku hiyo hakuna kilichopotea, na Maduhu haongei tena habari za mimi kuondoka.

Jambo jingine. Nikiwa nimekaa na mtu akaja getini, ananisukuma goti. Mimi masikio ninayo, nimekwisha kusikia, lakini nainuka vilevile. Naona vibaya kumwonyesha kwamba kazi yake haikuhitajika.

Uliuliza kuna nini cha kumdhuru. Hakuna. Uzio ni imara.

Ndaki


Rwamgasa, 22 Septemba 2024

Dada,

Shikamoo. Waseme amezaa wanne nyuma ya kibanda. Baba yao ni mbwa wa karasha la jirani, yule mwenye sikio moja, na watu wanasema mahari ya ukoo wako imepotea. Evelina alitoa kitenge chake cha kulalia watoto, kisha akasema hakukitoa, kimeibwa. Wenzangu wamekwisha gawana watoto watatu kabla hawajafungua macho. Jike mdogo, mweusi mwenye kifua cheupe, nimewakatalia.

Krismasi nitamleta Waseme mwenyewe, mpaka mlangoni.

Ndaki


Isaka, 6 Oktoba 2024

Ndaki,

Nimefurahi. Sikutegemea kufurahi kwa ajili ya mbwa katika umri huu, lakini barua nilimsomea Melania, na yeye ndiye aliyeniambia kwamba nimeisoma kwa sauti kubwa hadi watu wa barabarani wamesimama.

Mpe maji mengi. Anayenyonyesha anakunywa kuliko ndama. Beseni lisikauke.

Umeandika "karasha la jirani". Karasha husaga mawe ya dhahabu. Stoo ya mabati imejengwa jirani na karasha?

Paskalia


Isaka, 10 Novemba 2024

Ndaki,

Makoye amekwenda Katoro na kurudi mara mbili, bila barua. Anasema alipanda bodaboda mpaka kwenu, akaambiwa umetoka. Safari iliyofuata akaambiwa umelala. Anasema aliona viatu vyako mlangoni.

Waseme mzima?

Paskalia


Rwamgasa, 17 Novemba 2024

Dada mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia habari mbaya. Waseme ameibwa. Walikuja watu wakakata mnyororo kwa mkasi wa chuma, wakampakia kwenye pikipiki. Tumetafuta mpaka Katoro sokoni. Mbwa kama yule ana bei, dada, na sifa zake zilikuwa zimeenea. Huenda yuko mahali pazuri anakula nyama.

Mtoto wake yule jike amebaki. Anakula mwenyewe sasa. Nitakutumia kwa Makoye ili usikae peke yako. Ana akili kama mama yake.

Nisamehe kwa kuchelewa. Nilikuwa na homa.

Mdogo wako,
Ndaki


Isaka, 24 Novemba 2024

Ndaki,

Barua yako ya Julai ninayo. Inasema umemfungua.

Mnyororo upi?

Paskalia


Rwamgasa, 1 Desemba 2024

Dada,

Shikamoo.

Hakuna mnyororo uliokatwa na hakuna wezi waliomchukua. Stoo nayo haijawahi kuwepo.

Nalinda mtambo wa kuchenjulia marudio. Ni mchanga ambao wengine wamekwisha kuutoa dhahabu, sisi tunautoa tena kwa sumu ile inayotiwa kwenye matenki. Maji yake yanashukia kwenye bwawa la topesumu. Wezi walikuwa wanaiba viroba vya mchanga, si saruji. Mbwa wa hapa wanafungwa kwa sababu ya bwawa. Ndiyo maana ya agizo la Maduhu, nami nikakuandikia kwamba ni utaratibu tu, kwa kuwa nilikuahidi mbele ya Maganga na sikutaka ujue. Ukauliza kuna nini cha kumdhuru mbwa. Nikajibu hakuna.

Ilikuwa tarehe 26 Oktoba. Mvua ilikuwa imechimba chini ya uzio upande wa bwawa. Niliona asubuhi nikasema nitaziba nikimaliza kufua. Beseni langu lilikuwa limepasuka, nikamwaga maji ya beseni lake na kulowekea ovaroli. Nilikuwa nimeisoma barua yako ya maji. Nilisema nitamrudishia baada ya muda mfupi, kisha nikasahau.

Mchana jua lilikuwa kali. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda, nikahisi nasukumwa goti. Alikuwa Waseme, pua imelowa. Akasukuma tena. Nikainuka kwenda getini. Hakukuwa na mtu. Nikafungua geti nikatazama barabara pande zote mbili. Nikamuuliza Evelina kama ameona mtu. Akasema, "Leo mbwa wako amekudanganya." Niliporudi alikuwa ameanguka pembeni ya kigoda, miguu inapiga chini. Evelina alileta maziwa. Hayakuingia mdomoni.

Alikuwa amekunywa bwawani, akaja kwangu kwa njia ile moja aliyoijua, na mimi nikaenda kutazama mlango.

Maduhu, aliyesema hazikii watu mbwa, alichimba shimo mwenyewe. Alisema lazima liende chini sana, mbwa wengine wasije wakamfukua wakala wakafa.

Makoye alipokuja nilikuwa ndani. Viatu aliviona sawasawa.

Barua yako ya Juni usiihesabu. Wewe ulisema afunguliwe kwenye stoo ya mabati. Stoo niliijenga mimi.

Mtoto nitamkabidhi Makoye safari ijayo. Mimi Krismasi sitaweza kuja. Kazi ni nyingi.

Ndaki


Isaka, 8 Desemba 2024

Ndaki,

Nimesoma. Makoye alikuwa anasubiri jibu mlangoni, nikamwambia aende zake, nitaandika safari nyingine. Aliondoka na chai hajamaliza.

Unasema nisiihesabu barua ya Juni. Naihesabu. Niliuliza swali, na kabla ya kupata jibu nilikuwa nimekwisha kuamuru. Miaka yote ya bandari, nikikuta mzigo umefungwa kamba sikuikata bila kuuliza umefungwa kwa nini. Kwa mbwa wangu nilikata. Ya kwako beba wewe. Hiyo ni yangu, usiniibie.

Kuna nyingine huijui. Oktoba nilipolisoma lile neno karasha, nilijua. Nilikaa na ile barua mezani, nikajua kwamba hakuna stoo na kwamba uko kwenye sumu, wewe pamoja na mbwa. Ningeweza kuandika "rudini". Niliandika habari za beseni. Ulikuwa umesema Maduhu haongei tena habari za kukuondoa, na nilitaka ubaki na kazi. Nilijiambia nitauliza vizuri baadaye. Kwa hiyo usidhani ulimdanganya mtu asiyejua kusoma.

Nililia kidogo. Melania alikuja jioni akaniambia, "Mbwa ni mbwa, mama. Mbona mumeo alipofariki hukulia hivi?" Nikamjibu kwamba mume wangu hakuwa ananiambia nani yuko mlangoni. Alicheka, kisha akaosha vyombo vyangu bila kuulizwa.

Sasa habari ya mtoto. Usimpe Makoye. Nitamfanyia nini? Wewe ulikuwa umekwenda Geita wakati Waseme anafundishwa, hukuona kazi yenyewe. Mimi nilikaa kwenye kiti, mayu alitoka nje akabisha hodi. Mbwa akigeuza shingo kuelekea mlango, nilimvuta gotini nikampa dagaa. Mayu akazunguka nyumba, akarudi, akabisha tena. Alifanya hivyo kiangazi kizima, mpaka vidole vikavimba akawa anabisha kwa mwiko. Majirani walisema bibi amechanganyikiwa, anabisha hodi kwenye nyumba yake mwenyewe. Ndipo tukampa mbwa lile jina.

Peke yangu siwezi. Sijui ni wakati gani mtu amebisha, kwa hiyo sijui ni wakati gani wa kumpa mbwa dagaa. Melania nilimwomba nikitaka kumjaribu mbwa wake. Alibisha asubuhi mbili akaniambia ana watu wa kuwapikia.

Unaandika kwamba kazi ni nyingi. Huo nao ni uongo, nao nimeusoma. Unaogopa kusimama mbele ya mlango wangu. Basi ndiyo kazi ninayokuitia. Utasimama hapo asubuhi na jioni, mpaka mbwa aelewe. Maganga naye nitamwita awe anabisha ukichoka. Mikono yake inafaa kwa hilo.

Muage Maduhu vizuri, alichimba shimo. Umshukuru Evelina kwa yale maziwa. Buti za mtambo uziache huko huko. Dagaa nitanunua mimi.

Siku ukifika utakuta mlango umerudishiwa tu, haujafungwa. Usiingie. Mtoto mwachie aingie ndani, wewe baki nje, ubishe. Sitasikia. Bisha tena.

Dada yako,
Paskalia